Darasa la Bibi kwa Njia ya Simu

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Naanza shajara hii kwa amri ya Mchungaji. Jana alituambia kina baba wa usharika kwamba kila mmoja aandike kila siku jambo la kumshukuru Mungu. Akasema tuanze na yaliyo magumu, maana mepesi hata mpagani anashukuru. Haya. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Njeri.

Siwezi kuliacha hilo hivihivi. Mama Njeri ni Mkenya, mwenzetu katika ibada ya Kiswahili hapa Hayes, London, na kama sisi anawasomesha watoto wake nyumbani. Wanne! Ratiba yao iko ukutani, imetiwa plastiki. Mkate anaoka mwenyewe. Na jana, baada ya ibada, watoto wake walisimama wakasema zaburi nzima kwa Kiswahili, bila karatasi, bila kigugumizi. Kiswahili, Wakenya! Na mimi Mtanzania, mzaliwa wa Machame, nimesimama pale na kikombe cha chai. Kisha mzee wa kanisa akamgeukia Gladness wangu, ana miaka saba, akamuuliza kwa upole jina lake nani. Gladness akamjibu kwa Kiingereza kwamba yuko salama, asante.

Mke wangu hakusema neno ndani ya basi. Winifrida akinyamaza ujue anatafuta maneno. Tulipofika nyumbani alikuwa ameyapata yote. Mwaka jana, mwezi kama huu, nilimwahidi kwamba tukiwatoa watoto shule watamjua Mungu na watajua Kiswahili. Mwaka umekwisha. Shule iliyo karibu na bustani imemwandikia kwamba nafasi mbili zipo, na wanataka jibu Jumatatu ya tarehe thelathini. Jumapili ya kabla yake ni Mikaeli na Watoto, siku ambayo watoto ndio wanaoongoza ibada. Akasema Haika na Gladness wakisimama siku hiyo wakasali kwa Kiswahili, wataendelea kusoma nyumbani. Wakishindwa, wanavaa sare.

Sitaki wavae sare. Naandika wazi kwa kuwa hakuna asomaye humu. Mimi naingia shifti ya mizigo uwanja wa ndege saa kumi jioni, Winifrida yuko kliniki tangu asubuhi hadi mchana. Kwa hiyo asubuhi ni yangu na wanangu. Ibada fupi kwenye meza ya jikoni, uji, hesabu, kusoma kwa sauti, ndege zikipita juu ya paa. Sijawahi kupewa kitu kizuri kiasi hiki maishani mwangu. Wakienda shule nitakuwa nawaona Jumapili, kama mgeni.

Jumanne, 17 Septemba

Mpango wa kwanza! Nimetangaza baada ya ibada ya asubuhi: Kiingereza marufuku humu ndani mpaka saa sita mchana. Mwenye neno la Kiswahili aseme, asiye nalo anyamaze atafakari.

Matokeo yake kimya. Kimya kitakatifu! Nikanywa chai ya tangawizi. Nikasoma habari za nyumbani kwenye simu. Nikajiuliza kwa nini Mama Njeri anajihangaisha na plastiki. Haika, mkubwa, miaka kumi, alikuwa na kitabu chake. Gladness akaja akanivuta mkono wa shati. Nikamwambia aseme kwa Kiswahili. Akafikiri, akaondoka, akarudi na mchoro. Nyumba, na ndani ya nyumba mistari mingi ya buluu. Nikamsifu, nikamwambia ameichora vizuri sana Bahari ya Galilaya. Akatikisa kichwa, akaongeza mistari. Nikaubandika mchoro kwenye friji.

Maji yalipoanza kudondoka kutoka darini juu ya friji hiyohiyo ndipo nilipoelewa. Mtoto aliacha bomba la bafuni wazi na sinki limeziba, na kwa utiifu wake hakutaka kuvunja sheria ya baba. Arjun, jirani yetu na mwenzangu kazini, alikuja mbio na ndoo akafunga koki kuu, wakati mimi naitafuta nyuma ya friji. Akauliza kwa nini binti hakuniambia tu. Nikasema tulikuwa katika somo la lugha.

Winifrida aliporudi aliitazama dari, kisha akanitazama mimi.

Namshukuru Mungu kwa utiifu wa Gladness. Na kwa Arjun.

Alhamisi, 19 Septemba

Alhamisi ni siku ya kikundi. Familia zinazosomesha nyumbani tunakutana katika ukumbi wa kanisa. Watoto wanafanya sayansi na nyimbo, wazazi tunakunywa chai na kuoneana wivu kwa upendo wa Kikristo.

Mama Njeri kanipa mkate. Bado una moto. Nimekula vipande vitatu kwa uchungu. Halafu, bila mimi kuomba, akasema kila Jumanne huwa anafundisha Kiswahili mezani kwake, niwalete na wangu, hakuna malipo. Nikamshukuru, nikakataa. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba Mtanzania kufundishiwa wanawe Kiswahili na Mkenya ni jambo ambalo wazee wangu wasingelielewa. Akacheka sana. Akasema nikibadili mawazo, kwake ni karibu tu, ni basi moja.

Hapo akaingia Mchungaji, anatafuta mtu wa kupanga ratiba ya Mikaeli na Watoto. Nikajitolea kabla hajamaliza sentensi! Anayepanga ratiba ndiye anayegawa vipande. Watoto wa Mama Njeri nimewapa masomo marefu yenye majina magumu ya miji. Haika nimempa zaburi fupi kuliko zote. Gladness nimempa Sala ya Bwana, kwa kuwa hiyo husaliwa na usharika wote, na mtoto hahitaji zaidi ya kufungua na kufunga mdomo. Akili hiyo!

Mchungaji akaisoma ratiba. Akanipongeza mbele za watu. Akabadili kitu kimoja tu. Akasema kwa kuwa ni siku ya watoto, wakubwa tutakaa kimya, na Gladness ataisali peke yake kwenye maikrofoni.

Namshukuru Mungu kwa mkate wa Mama Njeri. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimepata! Mama yangu!

Sijui kwa nini sikuwaza mapema. Mama yuko Machame, amefundisha shule ya Jumapili tangu mimi sijazaliwa. Haika ndiye aliyerithi jina lake, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza. Hakuna mtoto aliyepita mkononi mwake akatoka bila kujua kusali. Na simu anayo. Anaishika karibu mno na uso, unaongea na paji la uso na kipande cha bati la jikoni, lakini anasikika vizuri.

Nikampigia. Shikamoo, marahaba, habari za migomba, habari za goti. Kisha nikamweleza yote: Winifrida, sare, Mikaeli, Mama Njeri. Nikamwomba awafundishe Kiswahili kwa wiki moja, zaburi ya Haika na sala ya Gladness, na salamu za adabu ikiwezekana. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa sasa wajukuu wake wanajua nini. Nikasema wanajua kuomba aiskrimu, kwa Kiingereza. Paji la uso likakunjamana.

Akakubali kwa sharti moja, kwamba mimi nisiwemo chumbani. Alisema tangu nikiwa mdogo, darasa nililomo mimi halijifunzi kitu. Iliniuma kidogo. Nikakubali haraka.

Kuanzia Jumatatu, basi, saa nne asubuhi ya huku, saa sita mchana ya kwao. Winifrida hataambiwa. Nataka nimwone uso wake siku yenyewe. Watoto nimewaonya wasimsemeshe mama yao hata neno moja la darasani. Namshukuru Mungu kwa kunipa mama, na kwa aliyebuni simu za picha.

Jumatatu, 23 Septemba

Somo la kwanza. Nimeegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Watoto wamelala kifudifudi juu ya zulia, viwiko chini, macho kwa bibi yao. Mama akaniuliza bado nafanya nini pale. Nikapanda juu, nikajilaza kitandani kwa nia ya kuomba.

Sauti ilipenya sakafu. Sauti ileile iliyonifundisha mimi kusali, na baada yake sauti mbili ndogo zikirudia. Nilielewa kila neno. Kila neno! Sikuhitaji hata kufikiri, maneno yaliingia tu yenyewe. Nikasema moyoni, kumbe Kiswahili kikifundishwa na mtu anayekijua hakimchoshi msikilizaji. Nikasinzia kwa amani.

Nilipoamka walikuwa bado wanacheka naye. Darasa la saa moja limekwenda mbili, na watoto hawakuomba mapumziko. Kwangu mimi huomba mapumziko wakati wa sala ya kufungua.

Jumatano, 25 Septemba

Maendeleo ya ajabu. Haika anatembea akinong'ona. Gladness anainamisha kichwa akisalimia, hata postamani kasalimiwa. Leo wakati wa uji aliuliza, kwa Kiingereza, kama malaika Mikaeli akija London hupita kwenye foleni ya paspoti kama bibi atakavyopita. Nikasema malaika wana mlango wao. Akasema basi ataomba bibi apitishwe mlango huo.

Nilikwenda kusimama nje ya mlango kwa dakika kadhaa. Mama hajawahi kuwaona hawa watoto ana kwa ana. Viza ilikataliwa mara ya kwanza, na goti likakataa mara ya pili.

Winifrida na mimi tunaonana mlangoni, yeye anaingia mimi natoka, funguo mikononi. Leo akanishika mkono. Akauliza watoto wanaimba nini bafuni, maana ni wimbo asioujua. Nikasema Jumapili atajua. Akaniambia dari haijakauka bado. Nikasema Jumapili hata dari itafurahi.

Alhamisi, 26 Septemba

Ushindi! Niandike polepole nisikose kitu.

Kikundini nilichelewa kuingia kwa sababu ya simu ya kazini. Nilipofika Mama Njeri alikuwa amesimama na Gladness, uso una mshangao. Akaniambia binti yangu kamsalimia na kumwambia maneno mengi mazuri ya adabu, na yeye, Mama Njeri, hakuelewa hata moja. Akauliza hicho ni Kiswahili gani.

Ni Kiswahili gani! Mimi nikatabasamu tu. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba kuna Kiswahili cha kujifunza mezani, na kuna Kiswahili cha ndani kabisa, cha kwetu, kinachohitaji mzee. Akakubali kwa kichwa. Akasema kweli Watanzania ni wengine. Akaniomba nimwombe bibi amfundishe na yeye!

Nimerudi nyumbani naimba ndani ya basi. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Njeri, na leo sisemi kwa kulazimishwa.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimepiga pasi magauni mawili meupe. Moja limepata alama ndogo ya kahawia, kwa nyuma. Arjun nimemwalika. Amesema dini yake ni nyingine lakini pilau hana ugomvi nayo. Mchungaji nimempigia kumshauri Gladness awekwe mwisho kabisa, kama kilele, na simu iwepo mbele ili Mama asikie kule Machame. Amekubali.

Leo Winifrida hakuwa kazini. Aliketi jikoni, miguu juu ya kiti, akaniambia kitu ambacho sikutegemea. Alisema na yeye hapendi waende. Alisema anaporudi na kukuta nyumba inanukia uji na watoto wanabishana juu ya Nuhu, uchovu wa kliniki unamtoka. Lakini anaogopa. Anaogopa siku moja watakuwa watu wazima hapa London na hawana lugha ya kumwombea mtu wa kwao. Akasema kesho anaomba wafaulu kuliko mimi ninavyoomba.

Nikamwambia aandae leso. Nikamshukuru Mungu kwa mke niliyepewa, na nikamwomba anisamehe kwa kuuficha mpango mzuri namna hii.

Jumapili, 29 Septemba

Mikaeli na Watoto.

Ukumbi umejaa. Watoto wa Mama Njeri wakasoma majina yote ya miji bila kujikwaa. Wacha wasome! Nimeketi mstari wa mbele, Winifrida kulia kwangu, Arjun kushoto, simu yenye paji la uso la Mama imeegemezwa kwenye chombo cha maua.

Haika akapanda. Gauni jeupe, mgongo umenyooka. Akafungua mdomo, na zaburi ikatoka yote, mwanzo hadi mwisho, bila karatasi. Nilifumba macho. Nilielewa kila neno. Nikawaza, Mungu wangu, mwanangu anasema kama mama yangu. Nilipofumbua macho nikamwona Mchungaji, ambaye ni Mhaya, anapekua Biblia yake mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza ukurasa. Nyuma yangu kulikuwa na minong'ono. Winifrida, ambaye ni Mngoni, ananitazama mimi badala ya mtoto. Nikampa tabasamu. Nikadhani wameduwazwa na ufasaha!

Gladness akaletewa kiti kidogo apande afikie maikrofoni. Akainamisha kichwa. Akaanza Sala ya Bwana. Sentensi ya pili, Mama Eliamani, bibi mmoja mstaafu anayekaa kiti cha pembeni na ambaye sijawahi kumsikia akitoa sauti, akasimama. Machozi yanamtoka. Akaanza kusali pamoja na mtoto. Kisha Bwana Shoo wa mstari wa tatu. Kisha mke wa Shoo. Mmoja hapa, mmoja pale.

Nikageuka kuwatazama. Mama Eliamani ni wa Machame. Shoo ni wa Machame.

Mungu wangu. Kimachame!

Wanangu walikuwa wanasali kwa Kimachame, mbele ya ibada ya Kiswahili, na mimi, kwa kuwa ndiyo lugha niliyonyonya, sikuwa nimegundua. Wiki nzima! Gladness akamaliza, na kutoka kwenye chombo cha maua sauti ya Mama ikaitikia amina kubwa kuliko ya mtu yeyote. Watu wengine wakacheka, wengine wakapiga makofi, Mama Eliamani akaenda kumkumbatia mtoto asiyemjua. Arjun akaniinamia akasema hakujua kama Kiswahili ni kizuri hivi.

Nilijificha jikoni, karibu na birika kubwa la chai, nikampigia Mama. Nikamwambia nilisema Kiswahili. Akasema alinisikia vizuri kabisa. Akasema Kiswahili watakipata popote, hata kwa yule Mkenya. Kimachame watakipata kwa nani yeye akiondoka? Akasema tangu wazaliwe anawaombea kila alfajiri kwa lugha ambayo wasingeielewa hata wangekuwa wamepiga magoti naye. Sasa akiomba, watajua pa kuitikia amina. Halafu akaniuliza kama pilau imepikwa ya kutosha.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia na taulo la vyombo usoni, na mtu aliyenikuta ni Mama Njeri, bila shaka. Hakucheka. Alinipa chapati mbili zilizofungwa kwenye karatasi, akanisimamia mlangoni watu wasiingie.

Ndani ya basi Winifrida hakusema neno.

Jumatatu, 30 Septemba

Siku ya jibu. Winifrida aliomba ruhusa ya asubuhi. Akaketi na simu yake, barua ya shule imefunguliwa. Akasema makubaliano yalikuwa Kiswahili, na Kiswahili hakikusikika. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mpango wowote. Nikamwambia tu ukweli, kwamba mwaka huu wa asubuhi na wanangu umenitosha kumshukuru Mungu mpaka uzeeni, na kama umekwisha, nimshukuru na kwa hilo, ila anipe siku ya kuzoea.

Haika alikuwa kwenye ngazi anasikiliza, kama kawaida yake. Akashuka. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba ikiwa wameweza kushika zile sala kwa wiki moja wakiwa wamelala juu ya zulia, hawashindwi na hicho Kiswahili, na akataka kujua Mama Njeri anaanza saa ngapi. Gladness akaja nyuma yake akauliza kwani hicho walichokuwa wanasema kilikuwa nini.

Winifrida alianza kucheka taratibu. Kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika meza. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu tuhamie nyumba hii. Akajifuta macho, akaiandikia shule kwamba anashukuru, nafasi wapewe wengine.

Masharti ni haya. Kila Jumanne tunakwenda kwa Mama Njeri, na mimi ndiye nitakayeomba, kwa mdomo wangu. Somo lolote likiendelea, mimi nimo chumbani, nimeketi, macho wazi. Bibi anaendelea na darasa lake pia, maana hilo Winifrida hataki likome. Na mipango ya siri imekwisha. Imekwisha kabisa! Nimeapa mbele ya watoto.

Namshukuru Mungu kwa kila kitu. Nimejifunza. Nimejifunza kweli.

Jumanne, 1 Oktoba

Tumekwenda kwa Mama Njeri. Nimeomba kwa adabu zote. Hakunizungusha. Ameniwekea kiti mezani, kati ya watoto, na nakala ya ratiba yenye plastiki. Nimekaa macho wazi. Kabla ya kuondoka Gladness akanigeukia akasema kwa Kiswahili kwamba anaomba maji. Kanieleza mimi, baba yake, kwa Kiswahili! Nikampa maji. Nikamwongezea maji mengine ambayo hakuyaomba.

Sasa, jambo dogo. Asubuhi mlangoni, akitoka kwenda kliniki, Winifrida alisema kwa utani kwamba wanawe sasa wanasali kama Wachagga kamili, na Kingoni hawajui hata salamu. Alikuwa anacheka, lakini mimi namjua. Macho yake yaliomba kitu.

Nimempigia mama mkwe, Peramiho, kabla sijaondoka kwenda kazini. Nilisimama wima wakati wote wa shikamoo, kama inavyopasa. Amefurahi mno. Krismasi hii Haika na Gladness watasimama mbele ya usharika na kusali kwa Kingoni, na Winifrida hajui lolote! Huu si mpango wa siri. Ni zawadi, na zawadi lazima ifichwe. Mama mkwe ni Mkatoliki wa kigango tangu ujana wake, lakini lugha haina dhehebu. Akaomba tu nimwachie watoto peke yao, kwa kuwa mkwe wa kiume chumbani anamtia haya. Heshima ni heshima. Nikapanda juu kujilaza.

Safari hii niko makini. Nilitega sikio, na sikuelewa hata neno moja, kwa hiyo Kimachame hakika siyo. Wanarudia salamu ileile tena na tena na tena, kwa sauti moja nzuri, bila kuchoka. Ndivyo lugha inavyofundishwa! Na mama mkwe ameahidi kuwatumia shanga, kila mmoja na zake, zenye msalaba mdogo mwishoni, za kuhesabia. Hesabu na lugha kwa mpigo mmoja! Mchungaji wetu wa Kilutheri atafurahi sana.